Mikunjo Mitatu ya Gauni la Merikani

Mama Kulwa,

Shikamoo. Najua leo hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini nimekaa nawe miaka kumi na moja tukishona kwenye kile kibaraza cha Kambarage, na mdomo wangu haujui kuanza na wewe bila shikamoo. Basi ipokee hivyo hivyo.

Nyumbani hawajambo. Kulwa bado anashusha mizigo Isaka, Dotto amerudi kulima. Mke wa Kulwa amejifungua mtoto wa kike na wamempa jina lako, Salome. Ana sauti huyo mtoto, jamani! Akianza kulia, majirani wanatoka nje kuuliza kuna nini. Cherehani yako nimeipaka mafuta wiki iliyopita, ile kelele ya pedali imepungua. Kiti chako hakikaliwi na mtu. Mteja akikisogelea nakiwahi, naweka vitambaa juu yake, najifanya nina kazi nyingi. Ungeniona ungenicheka mpaka ushike mbavu.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya hayo. Nataka kukueleza habari za gauni la jubilei, na nikimaliza utajua kwa nini nimekaa na hii barua moyoni mwezi mzima.

Unakumbuka parokia ya kwenu Ushirombo walikuomba ushone gauni la igizo la jubilei yao, lile la wasichana wa kwanza kuja kusoma kwa masista enzi za bibi zetu. Ulilikubali hata kabla hawajamaliza kusema. Ulitafuta ile merikani mwenyewe, pamba nyeupe isiyotiwa rangi, ukaiosha mara tatu ili ilainike. Ukakata vipande vyote, ukavikunja, ukaviweka kwenye mfuko pamoja na vipimo vya Anastazia, binti atakayelivaa. Kisha ukaugua, na hukurudi tena kibarazani.

Baada ya arobaini Kulwa aliniletea ule mfuko. Alisema, "Dada Pendo, mama alisema hii umalizie wewe." Nililia. Nikanawa uso, nikatandaza vipande mezani, nikashika futi.

Mama, sketi ilikuwa ndefu kupita kipimo cha Anastazia. Ndefu kwa shubiri nzima! Mbele na nyuma. Na juu ya pindo kulikuwa na mistari mitatu ya chaki, imepindapinda kidogo, kama ya mtu aliyekuwa anajaribu, anajisahihisha, anajaribu tena. Niliiangalia nikasikitika. Nikasema moyoni, maskini Mama Kulwa, macho yalikuwa yamekwisha. Nikaipangusa ile mistari kwa kiganja. Nikachukua mkasi wako wewe mwenyewe, nikakata shubiri yote.

Wazo hilo la macho halikuanza siku ile. Hapa ndipo penye kukiri kwangu, vumilia nimalize.

Mwaka jana, tangu ile sketi ya yule mama wa Segese itoke imeenda upande, mimi nilianza kukupiga vita vya chini chini. Mteja akija namvuta pembeni, "Niachie mimi, Mama siku hizi haoni vizuri." Ukienda kula mchana nachukua kazi yako, nafumua, nashona upya. Nilijiona nakulinda! Ukweli ni kwamba nilikuwa nafurahia. Nilitaka watu waseme Pendo sasa ndiye fundi. Na siku moja ukarudi mapema, ukanikuta na mkono wa blauzi uliyoimaliza asubuhi, nimeufumua wote. Nilitamani ardhi inimeze. Ulisimama pale kwenye ngazi, ukaniangalia, ukasema, "Ukishamaliza, rudisha sindano mahali pake." Ukaingia ndani kunywa maji. Hukulizungumza tena mpaka unaingia kaburini.

Bora ungenitukana, Mama. Tusi ningelijibu, tungegombana, yangekwisha.

Haya. Nikashona gauni. Likatoka zuri, sina haja ya kuwa mnyenyekevu, shingo imekaa, mikono imekaa. Wiki mbili kabla ya sherehe nikapanda basi nikapitia Kahama mpaka Ushirombo, nyumbani kwa shangazi yako, Bibi Veronika, maana kamati ilisema yeye ndiye pekee aliyebaki anayekumbuka magauni yale. Akina mama wa kamati walikuwepo. Anastazia akavaa. Likamfika vifundoni sawasawa. Wakapiga vigelegele, na mimi nikasimama nimevimba kichwa.

Bibi Veronika hakupiga kigelegele. Unamjua alivyo. Alimwita Anastazia, akainama kwenye kile kigoda chake, akashika pindo akalizungusha lote kwa vidole. Kisha akauliza, "Mikunjo iko wapi?"

Nikasema mikunjo gani, Bibi?

Ndipo akatueleza. Kila msichana alipewa gauni moja, moja tu. Masista walilishona refu, kisha wakalikunja mara tatu juu ya pindo, mkunjo juu ya mkunjo, ili limfae mtoto. Kila mwaka baada ya mavuno mama yake alifumua mkunjo mmoja. Ukifumuliwa wa mwisho, kijiji kizima kinajua binti amekua. Mama yake yeye Bibi alibatizwa na mikunjo mitatu, akaolewa na gauni lile lile, halina mkunjo hata mmoja. Akasema, "Hili mlilolileta ni gauni la mtu mzima. Na mtoto ndio kwanza anakuja shule."

Mama yake Bibi Veronika. Yaani bibi yako wewe. Miaka kumi na moja, na sikuwahi kukuuliza hata siku moja bibi yako alivaa nini.

Niliiona ile mistari mitatu ya chaki mbele ya macho yangu kama vile bado iko mezani. Shubiri moja, mikunjo mitatu. Ulikuwa umepima kila kitu. Mkono ulitetemeka kwa ugonjwa, basi, lakini hukukosea hata nukta.

Na hapo, kabla sijafungua mdomo, mmoja wa wale akina mama akasema kwa huruma, "Msimlaumu marehemu, jamani. Tulisikia macho yake yalikuwa yamechoka. Atakuwa alisahau."

Walisikia! Walisikia kwa nani kama si kwangu? Maneno yangu ya pembeni pale Kambarage yalikuwa yameshasafiri mpaka kwenu, yamenitangulia, yamekaa kwenye mkeka yananisubiri. Ningenyamaza tu, yangeishia hapo. Gauni lingerekebishwa, mimi ningebaki fundi hodari, na wewe ungebaki kipofu aliyesahau gauni la bibi yake mwenyewe. Nakuambia kweli, nililipima hilo wazo kwa muda. Muda wa kutosha kuona aibu.

Kisha nikapiga magoti mbele ya Bibi. Nikasema, "Mama Kulwa hakusahau. Alikata sawa na mistari aliichora. Aliyekata shubiri ni mimi, na aliyesema haoni ni mimi, na haikuwa kweli." Nilisema kwa sauti, wote wasikie. Mmoja akaguna. Anastazia, mtoto wa watu, akabaki kaangalia miguu yake.

Bibi Veronika akauliza jambo moja tu: "Kipande ulichokata kiko wapi?"

Mama, kilikuwepo! Wewe ulinikataza tangu wiki ya kwanza kutupa kipande chochote mpaka mwenye nguo aivae. Nimekunung'unikia kwa hiyo sheria yako miaka yote, mifuko imejaa msumarini, panya wanazaliana humo. Siku ile nilikihifadhi kwa mazoea tu, si kwa akili. Nikarudi Kambarage nikavikuta vyote viwili, cha mbele na cha nyuma, vimekunjwa pamoja. Nikaviunga mbele na nyuma, nikachora mistari upya, na ule mshono wa kiungo nikaupanga uingie ndani ya mkunjo wa katikati. Ukiliangalia gauni huuoni. Mimi peke yangu najua ulipo, na sasa na wewe.

Siku ya jubilei Anastazia alitoka mbele ya watu na ubao wake wa kuandikia mkononi. Bibi Veronika aliketi mstari wa kwanza. Binti alipopita, Bibi alimshika gauni, akahesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu. Akajifunika uso kwa kanga. Watu walipokuja kunipa hongera nilimjibu kila mmoja, "Amekata Mama Kulwa, mimi nimeshona." Nimelisema mpaka koo likakauka. Najua halifuti yote, maana maneno mabaya yalipanda basi kabla yangu.

Nilipita kaburini kwako pale Ushirombo jioni ile, kabla ya kurudi. Nilitaka kukuambia haya yote kwa mdomo, nikashindwa, nikang'oa majani tu. Ndiyo maana naandika. Nisamehe, Mama. Ulinifundisha kazi, nikakulipa kwa kukuchongea.

Nimemkatia Salome mdogo gauni la kuvaa atakapoanza shule, kitambaa cha pamba, rangi ya anga. Nimelikata refu na juu ya pindo nimeweka mikunjo mitatu. Nakuahidi, tangu hapo, kila baada ya mavuno nitamwita pale kibarazani nifumue mmoja, nikimsimulia habari zako, na nitasimulia na hii pia, sitairuka. Siku ya mkunjo wa mwisho akitaka kujifunza kushona, nitaondoa vile vitambaa kwenye kiti chako akae yeye.

Pumzika, Mama. Kwetu tunasema wabeja, na asante yangu yote imo humo.

Sindano nimeirudisha mahali pake.

Mwanao wa cherehani,
Pendo