Kadi Ndani ya Jiwe la Msingi

Dodoma, 6 Februari 2024

Mama, shikamoo. Natumaini hujambo na kiuno kimepoa. Mimi si mzima sana, ndiyo maana nimempa kondakta wa basi barua. Kwenye simu ya jirani Miraji ukiongea, nusu ya Mtinko imeshajua.

Nikipanda ngazi za pale ninaposhonea, pumzi inakata, na jioni miguu inavimba. Daktari ameona kovu la kifuani, akauliza nilipopasuliwa moyo nikiwa na miaka sita walinifanya nini hasa. Anataka ile kadi ya kliniki. Naomba uitume haraka. Na habari za mchumba wangu Deo usimwambie mtu bado, wazee wake wataleta mahari Juni.

Mwanao, Eliza

Mtinko, 19 Februari 2024

Eliza mwanangu, marahaba. Kiuno kiko vilevile, tunapalilia alizeti.

Ebo! Wewe ulipona. Kinachokusumbua ni kuinamia cherehani na kutokula. Umesahau ile sherehe ya shukrani? Nilisimama kanisani nikasema mwanangu amemalizana na hospitali. Kadi nikaitoa iwe ushuhuda, ikawekwa kwenye kopo ndani ya jiwe la msingi la kanisa jipya. Leo nikabomoe kanisa, nimwambie nini mchungaji? Kazi ya Mungu haina marudio.

Kunywa uji, pumzika. Na huyo Deo anasali wapi?

Mama yako

Dodoma, 2 Juni 2024

Mama, shikamoo. Nisamehe kwa kimya, nililazwa wiki tatu.

Wamenipima bila kadi. Kumbe vali ya moyo imevuja miaka yote, na ilitakiwa ibadilishwe mapema, nikiwa bado msichana. Sasa moyo umetanuka, kupasua tena hawawezi. Nitaishi kwa dawa, kwa muda nitakaojaliwa. Na nisibebe mimba kabisa. Deo nilimwambia mwenyewe. Mahari haiji.

Nimekukasirikia, mama, sikufichi. Lakini nasikia mtoto wa jirani yetu Kristina naye amerudi kutoka kupasuliwa moyo, na Jumapili ijayo wanatoa shukrani. Nakuomba, kadi yake isiende madhabahuni.

Eliza

Mtinko, 10 Juni 2024

Eliza mwanangu, hata kukuuliza hujambo naona aibu.

Jana nilisimama kabla Kristina hajafika mbele. Nikasema ushuhuda wangu wa mwaka ule ulikuwa nusu. Madaktari waliniambia nikurudishe, mimi nikaona kukurudisha ni kumwaibisha Mungu. Nikasema na hali yako ya leo. Mzee wa kanisa Naftali akanivuta gauni niketi, sikuketi. Kristina akaifunga kadi ya mwanawe kwenye pindo la kanga, akarudi kukaa, analia.

Baada ya ibada mchungaji mwenyewe alimwita fundi aje na tindo. Kopo limeota kutu lakini kadi ni nzima. Imeandikwa: arudi kila mwaka, maisha yake yote. Mwanangu, maneno hayo niliyasoma siku ile ile niliyopewa. Niliyasoma vizuri kabisa.

Tarehe ishirini Kristina anampeleka mtoto kliniki, nitamsaidia kumbeba. Yako ni lini? Nitakuletea kadi, kama utanifungulia mlango.

Mama yako