Virusi vya Kaka Rahimu

Jumanne, 9 Mei 2006

Kaka Rahimu kapiga simu kutoka China. Wenzake wanafuata viatu na redio huko, yeye kanitafutia dawa! Tangu ile mionzi ya saratani ya shingo kule Dar sikio moja halisikii, basi nikawa napayuka kwenye simu dukani, wateja wamejaa. Anasema kuna hospitali wanadunga virusi kwenye uvimbe wenyewe. "Virusi? Mimi nidungwe virusi?" Akacheka. Ni vya mafua tu, wamevibadilisha maabara. Vinaingia kwenye seli za saratani, vinazaliana humo mpaka zinapasuka. Seli zenye afya vinaziacha. Hawaahidi kupona, ila kuna watu uvimbe umewapungua. Kusema kweli nilishajiandaa kufa. Leo nimemaliza ugali wote.

Alhamisi, 11 Mei

Febronia wa duka la jirani — miaka yote mchana tunakula sahani moja. Leo kaja na sahani yake na kijiko. Shoga, kulikoni? Eti tumbo linamsumbua. Tumbo na sahani wapi na wapi!

Jumamosi, 13 Mei

Nimejua! Mama mmoja wa Unyambwa kaja kununua beseni, kanishika mkono. Mwanangu, jipe moyo, siku hizi vidonge vinatolewa bure. Vidonge vya nini, mama? Vya virusi. Loh! Kumbe mji mzima unasema Radhia kakanyaga waya, ana UKIMWI, tena kajitangaza mwenyewe kwenye simu. Nimecheka mpaka shingo ikauma. Nikamwambia ni vya mafua, mama, na wala sina, ndiyo kwanza navitafuta! Akazidi kunionea huruma. Beseni hakuchukua.

Jumatano, 17 Mei

Duka kimya. Febronia anaongea na mimi polepole, kwa adabu. Nimemweleza mara mbili habari ya saratani na China, anaitikia tu, ndiyo dada, ndiyo dada. Mimi dada yake tangu lini? Nataka anitukane kama zamani.

Mume wangu Mselemu wiki ya tatu yuko Manyoni, ananunua alizeti. Kila nikipiga, bado anakusanya mzigo. Habari ya China sijamwambia, nataka nimwone uso. Nasri wetu yuko shule Tabora. Nyumbani ni mimi na redio. Jioni nimelia. Saratani nimeizoea, nimelia kwa sababu ya ile sahani.

Jumapili, 21 Mei

Rahimu tena. Ile hospitali inataka kwanza nipime UKIMWI. Aliye nao hawampi hiyo dawa, kinga ikiwa dhaifu hata vya mafua vinaweza kumzidi. Haya, safi kabisa! Nitapima, na karatasi ya majibu nitaibandika mlangoni mwa duka, waje wasome wote. Rahimu anasubiri jibu akate tiketi. Kesho kutwa naenda.

Jumatatu, 22 Mei

Mselemu karudi mchana. Hana mzigo. Habari imemfikia hukohuko Manyoni. Kasimama mlangoni, hataki kukaa. Nikaanza kucheka — Baba Nasri, usiwasikilize, hivyo virusi vyenyewe...

Hakuniacha nimalize. Kapiga magoti. Mtu mzima yule, kwenye mkeka wangu.

"Nisamehe, Mama Nasri. Mimi ndiye niliyekuletea."

Kuna mwanamke, Scola, alikuwa na mgahawa karibu na stesheni. Kafa mwaka jana. Mselemu mwenyewe kapima mwezi wa pili, vidonge ameshaanza. Alikuwa anakosa pa kuanzia. Kusikia kwamba mimi nimejua, anasema, kifua kimekuwa chepesi.

Chake chepesi! Sikumwambia kwamba nilikuwa sijui kitu. Nikaenda jikoni, nikachochea moto ambao hauna chungu.

Jumanne, 23 Mei

Nipo kliniki, kwenye benchi. Damu wameshachukua. Mselemu kaja, sikumwita. Kakaa karibu mpaka bega lake linagusa langu, na wiki mbili hizi hakuna aliyekaa hivi na mimi. Nimchukie lini? Leo ningekuwa peke yangu hapa.

Nimemwambia. China, tiketi, vya mafua, yote. Halafu akauliza: "Kwa hiyo jana ulikuwa hujui?"

Nilikuwa sijui.

"Na kama unavyo, China hakuna tena?"

Hakuna.

Kaficha uso kwenye viganja vyake. Nilitaka kumtukana, matusi nilikuwa nayo tayari tangu alfajiri. Nikajikuta nampapasa mgongo. Mjinga mimi! Shingo inapwita.

Nesi kafungua mlango, kaita: Radhia, na mumewe kama yupo. Mselemu kashasimama, ananisubiri. Bado naandika.