Lodi Hakutuma Wazee

Bi Gulbanu mpendwa,

Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, na tafadhali usinicheke mpaka umalize kusoma, maana mwenyewe nikijisimulia nacheka.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, nilizaliwa Nakuru, niko Agincourt, hapa Toronto, mwaka wa kumi na moja sasa, nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na ugonjwa wangu ni riwaya za mapenzi. Nasoma zote, za malodi, wale makabaila wa Kiingereza wa zamani, na wanawake wa magauni ya kubana kiuno, na hizi za siku hizi za wanaume wanaogeuka mbwa mwitu mwezi ukiwa mpevu au wanaokunywa damu na bado wanapendwa, nazisoma kwenye basi la asubuhi, na saa ya chakula cha mchana nawasimulia wenzangu wawili kwa Kiswahili. Mmoja ni Libérata, mjane kutoka Uvira, Kongo, anayejua Kifaransa vizuri na Kiingereza kwa shida, na mwingine ni Naheed wa mapokezi, mzaliwa wa Mwanza, ambaye Kiingereza anakijua lakini anasema kusoma kunampa usingizi na kusimuliwa kunamwamsha.

Sasa sijui kama wewe vitabu hivi unavijua, lakini mle ndani watu hawangoji. Lodi anamwona binti ukurasa wa kumi, ukurasa wa mia wako kwenye gari la farasi mapazia yamefungwa, na mimi nikaona haya kuwasimulia hayo watu wazima wakila wali, basi nikaanza kurekebisha kidogo. Nikamfanya lodi atume wajomba zake wawili na shangazi, wakafika kwa kina binti, wakangoja nje mpaka wakakaribishwa, wakasema tumeona ua zuri bustanini kwenu, na baba wa binti akawazungusha wiki tatu kabla ya kutoa jibu. Wenzangu walifurahi ajabu. Libérata akasema kumbe Wazungu wa zamani walikuwa na adabu, iliwapotelea wapi. Na mimi badala ya kusema kweli nikaitikia, nikasema ndivyo kitabu kinavyosema.

Baada ya hapo sikuweza kuacha. Yule wa mbwa mwitu nikampeleka kwa wazazi wa binti akaseme mwenyewe, kabla ya mahari, kwamba kila mwezi mpevu ana shida, na tukabishana siku tatu kama ni ugonjwa wa ukoo, Naheed akiuliza watoto watatokaje, na Libérata akishikilia kwamba mwanamume anayetaja kasoro yake mapema ndiye wa kuolewa naye hata kama ana mkia.

Shida imeanza Januari. Kuna mwanamume anaitwa Eustache, naye amefiwa na mke, anafanya kazi kwenye ghala kule Pickering, mpole, wanaimba kwaya pamoja na Libérata, akamwomba waoane. Libérata akamjibu mbele yangu, tumesimama kwenye maegesho ya kanisa: “Kama ule lodi na manyumba yake yote alituma wazee, na wewe utatuma.” Eustache hana ndugu hata mmoja hapa, basi akahangaika wiki tano, akampata Mzee Roshanali, baba yake Naheed, na Mzee Ndegwa wa kanisani kwetu, mmoja Mwislamu wa Ismailia, mwingine Mkikuyu, wote hawajawahi kukanyaga Kongo, na wamekubali kuwa wajomba zake. Wanakuja Jumapili saa nane mchana. Na Libérata, ambaye pia hana mtu hapa, ameniomba mimi nikae upande wake kama shangazi, niwajibu.

Ungedhani yameisha vizuri. Lakini Libérata ameanza darasa la Kiingereza, mwalimu akawaambia kila mmoja aazime kitabu maktaba, na yeye akaenda akaazima kile kile cha lodi, akisome kwa macho yake kabla ya posa. Anakisoma na kamusi ya Kifaransa mapajani. Wiki iliyopita akaniuliza: “Niko ukurasa wa makumi saba, hawa wajomba wanaingia wapi?” Nikamwambia wako njiani, farasi wana mwendo wao. Halafu nikafanya ujinga mkubwa zaidi, nikaingia kwenye kompyuta nikajiandikisha kwenye foleni ya kukisubiri kitabu hicho, ili maktaba imkatalie kuongeza muda, nikidhani atakirudisha hajamaliza. Kweli wamemkatalia, lazima akirudishe Ijumaa, na sasa anakikimbiza, anasoma hata akiwa amesimama ndani ya basi, kwa sababu hataki kumchelewesha huyo anayekisubiri.

Akifika kwenye lile gari la farasi atajua. Naogopa ataona kila kitu ni uongo, Eustache na wazee wake wote, atafuta Jumapili, na mimi hatanisemesha tena, na hapa Toronto sina rafiki mwingine kama yeye. Mimi mwenyewe niliolewa ofisini kwa msajili wa ndoa, sahihi tatu na picha moja, hakuna aliyekuja kuniomba kwa mtu, na mume alipoondoka hapakuwa na mzee wa kumwita. Lakini hayo si ya leo. Nifanye nini, Bi Gulbanu? Nimwibie kitabu?

Msimuliaji, Agincourt

*

Bi Gulbanu anajibu:

Msimuliaji, jibu hili nimekutumia kwa barua pepe leo hii Jumatatu, maana jarida lenye safu hii ya ushauri likitoka mambo yako yatakuwa yamekwisha. Majina nimeyabadilisha. Nimecheka, lakini baada ya kumaliza, kama ulivyoomba.

Kitabu usiibe. Una miaka arobaini na sita. Na kabla hujaendelea kusoma, fungua hiyo kompyuta ujitoe kwenye foleni. Unamkimbiza mwanamke anayejifunza lugha mpya ukubwani, naye kwa wema wake anamhurumia mtu anayesubiri, bila kujua kwamba mtu huyo ni wewe. Hapo ndipo kicheko kiliponiishia.

Tuwekane sawa juu ya kosa lenyewe. Kutia chumvi hadithi si kosa, na kwa maoni yangu wale wajomba wamekitengeneza kitabu. Kosa lako ni maneno matatu, “ndivyo kitabu kinavyosema.” Libérata alikuamini umsomee asichoweza kusoma, nawe ukamwapia kitu ambacho hakimo. Kila ulipomwona anafurahi ulipata nafasi ya kusema, ukaiacha ipite.

Lakini hiyo hofu kwamba atamfukuza Eustache ina majivuno kidogo, mama. Unadhani mwanamke aliyetoka Uvira, akamzika mume, akaanza maisha upya kwenye baridi hii, alidai wazee kwa sababu ya lodi? Alidai kwa sababu kwao ndivyo inavyofanyika, na alikuwa anaona haya kulisema kwenye mji ambao watu wanaoana saa ya chakula wakarudi kazini. Wewe ulimpa kisingizio tu. Tena yule Eustache amezunguka wiki tano kwenye theluji akiomba wajomba kwa watu asiowajua. Lodi wako hata kwenye toleo lako hakusumbuka hivyo.

Kisha kuna ile sentensi ya ofisini, uliyoiandika ukaikimbia. Unasema si ya leo. Mimi nasema ndiyo yenyewe. Wale wajomba hukuwatuma kwa ajili ya aibu ya mapazia. Uliwatuma kwa sababu kwako hawakuja. Pole sana. Halikuwa jambo dogo, na umelimeza miaka mingi mno.

Sasa nisikilize. Ni kesho, si Alhamisi, saa ya chakula. Naheed awepo, maana naye alidanganywa, na baba yake ameingizwa kwenye posa hii. Mwambie Libérata hivi: lodi hakutuma mtu, wale wazee niliwatuma mimi. Usianze kwa kusema ulikuwa unatania, na usianze kwa kulia, atakubembeleza na hutasema tena. Akiuliza kwa nini, mweleze habari ya ofisini yote, na ya foleni ya maktaba pia. Umtajie na ukurasa wa lile gari la farasi, asije akashtukia ndani ya basi.

Kuhusu Jumapili, mwambie yuko huru kutafuta shangazi mwingine. Usimwombe akubakize. Akikubakiza mwenyewe, fika mapema, vaa vizuri, na wazee wakiuliza nani anamsemea mwanamke huyu, jibu kwa sauti ya kusikika. Wazungushe kidogo vilevile, Mzee Roshanali hatakusamehe ukimpa jibu upesi.

Ila huenda asiseme kitu. Huenda akafunika chakula chake akarudi kazini, na Jumatano vilevile. Hapo ndipo pagumu kwako, kwa sababu wewe kimya hukiwezi. Usikijaze kwa hadithi nyingine. Kaa mezani pale pale, kula chakula chako, umsubiri.