Bomoa Mtaa Niliokujengea

Stoo ya Viazi,
Nyuma ya Soko,
Nakuru.
Jumapili, 3 Februari 2008

Mpendwa Peterson,

Pokea salamu zangu kabla ya lolote. Je, kile kikohozi cha vumbi la Doha kimekuachilia? Na hapo getini mnapolinda, wamewajengea kivuli au bado mnasimama juani mchana kutwa? Nakuombea afya kila siku, hata siku ambazo nimesahau kujiombea mimi mwenyewe.

Mimi mwili ni mzima, isipokuwa mgongo, na huo unaujua. Baba yako yuko salama nyumbani. Tuliongea kwa simu wiki iliyopita na kila neno lake lilikuwa njoo, njoo.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama kawaida yetu, kwa kuwa lugha ya nyumbani mimi na wewe twajua kuisema tu, si kuiandika. Safari hii nashukuru. Barua ya Kiswahili haimwambii mtu aliyeiandika anatoka wapi.

Anayekuletea ni Avni, binti wa Mama Vimla mwenye stoo hii. Alikuja kwao Krismasi na sasa anarudi kazini huko. Simu yako haipatikani tangu mwaka mpya. Mayur, ndugu yake Avni, yule mwenye saiba ya kompyuta za kulipia kwa saa, amekutumia barua pepe mara kadhaa bila jibu. Uliniambia kambini kwenu mtu anaweza kumaliza mwezi hajaona kompyuta. Mwanangu, safari hii itafute. Azima, omba, piga magoti. Ingia katika ule mji wetu wa mchezo wa kompyuta ubomoe mtaa wangu wote. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Unakumbuka ulivyonipa mtaa huo. Mji wako ulikuwa umeshasimama, viwanda huku, nyumba kule, barabara zimenyooka kama mistari ya mahindi, na meya ni wewe. Ukaniambia nichukue kipande cha kando ya mto nijenge nipendavyo, ili Jumapili nikimaliza kufagia saiba tuwe tunakutana humo. Mimi niliyeachia shule darasa la sita, nikapewa ardhi.

Wewe hujenga kwa hesabu. Unaweka nyumba mia moja, unangoja watu waje, unakusanya kodi. Mimi nilishindwa. Siwezi kuweka nyumba bila kujua ni nani atalala ndani na ni nani atamsikia akikohoa ukuta wa pili. Kwa hiyo nikajenga ploti yetu ya vyumba vya kupanga, vile ilivyo: milango inayotazamana, bomba katikati, choo kule ambako upepo hauleti harufu, na uwanja wa kuanikia nguo. Mchezo ukaandika kwamba wakazi wangu hawana furaha kwa sababu barabara haijawafikia. Mayur alicheka sana, akasema, "Anti, huu si mji, hii ni foleni ya choo." Nikamjibu kwamba hao watu wamezoea kukosa furaha, mradi nguo zikauke.

Majirani waliposikia, wakaanza kunifuata saiba Jumapili, na kila mmoja alikuwa na mji wake kichwani. Mama Brenda, yule anayeuza mitumba, alitaka kanisa lisogezwe: liwe karibu asikie nyimbo, lakini mbali kiasi kwamba hawatamkumbuka siku ya harambee. Mayur mwenyewe alijenga maduka tu upande wake na akakataa kuweka hata nyumba moja, akisema wateja watajua wenyewe pa kulala.

Halafu likaja jambo la majina. Kwenye ploti hatuitani majina, unajua. Mtu ni Mama fulani au Baba fulani, basi. Lakini ule mchezo unaruhusu kuandika jina juu ya nyumba, na Baba Lynn, taniboi anayepakia mizigo kwenye lori la viazi vya Molo, akasema hataki kuandikwa Baba Lynn. Alisema amelipa kodi za nyumba za watu tangu ujana wake na hajawahi kuona jina lake juu ya mlango. Akaniletea kitambulisho, nikanakili majina yake yote matatu. Wengine wakaona wivu, wakaleta vyao. Nikaandika mlango kwa mlango, kila mtu pale pale anapokaa, na langu pia nikaliandika. Tulifurahi, sikufichi. Baba Lynn aliiangalia ile nyumba mpaka Mayur akamwambia saa imeisha.

Kabla tu ya kura, kijana mmoja wa mtaani alikuja kusimama nyuma ya kiti changu. Simtaji. Alisoma majina kwa sauti akicheka, akasema, "Mathe, umetupanga wote humu. Hata landlord hana rekodi kama hii." Akaniuliza mtu anaingiaje kuona akiwa kwenye kompyuta nyingine. Nilimwonyesha, tena kwa maringo. Mji wako hauna geti, Peterson. Anayejua jina lake anaingia.

Yaliyofuata baada ya kura umeyaona kwenye televisheni. Sisi hapa yalitufikia Januari ikielekea kuisha. Moshi, mawe barabarani, amri ya kutotoka nje. Vijana wanasimamisha watu wakitaka kitambulisho, kwa kuwa jina ndilo linalowaambia mtu ni wa kabila gani na wamfanye nini. Mama Brenda aliniambia amemwona yule kijana wa saiba amesimama kwenye mawe hayo na wenzake.

Jumatano asubuhi nilikuwa bombani. Vijana wakaingia na marungu. Hawakubahatisha mlango, hawakuuliza mtu. Walikwenda moja kwa moja hadi mlango wa Baba Lynn, wakagonga, wakamwita kwa majina yote matatu.

Mama Brenda alitoka na beseni lake la nguo. Mdomo ulikuwa wake ule ule.

"Boss, umekosea ploti," alisema. "Mtu wa jina hilo hayupo hapa."

"Mathe, usitucheze. Ni mlango huu."

"Mimi hapa nimezeeka, sijawahi kulisikia. Unataka nikuzalie huyo mtu?"

Na alikuwa anasema kweli. Kusoma hajui, na kwa mdomo hajawahi kumwita jina lingine ila Baba Lynn. Ukweli huo ulionekana usoni mwake, ndio maana walisita. Kisha wakanigeukia mimi. Nikasema simjui. Ndoo ilikuwa imejaa na maji yanamwagika miguuni mwangu, sikuweza hata kufunga bomba.

Wakaanza kutoka. Mmoja akamwambia mwenzake, "Twende tuangalie tena."

Kuangalia wapi? Hilo neno linanizunguka tangu siku hiyo. Huenda kuna mtu aliyewaambia tu kwa mdomo, siwezi kuapa. Lakini majina matatu, Peterson, na mlango wenyewe. Mimi mwenyewe, jirani yake, sikuyajua majina hayo mpaka aliponiletea kitambulisho.

Baba Lynn alikuwa ndani, chini ya kitanda, amemziba Lynn mdomo kwa kiganja. Sasa yuko na mke na mtoto hapa stoo, nyuma ya magunia ya viazi vya Mau Narok. Mama Vimla anajifanya hajui, ila chapati siku hizi anapika nyingi kupita watu wa nyumba yake. Wengine wamebaki ploti. Mama Brenda amekataa kuondoka. Anasema akiacha marobota ya nguo hatayakuta.

Na si upande mmoja tu ninaouogopa. Kesho wakija wale wengine, wanaotafuta watu wenye majina kama langu na lako, nao watafungua mji ule ule. Kila kundi litakuta humo linachokitafuta.

Ijumaa Mayur alinifungulia saiba kwa mlango wa nyuma, dakika chache tu, mashine moja imewashwa na pazia limeshushwa. Tulijaribu kufuta jina, ikakataa. Tulijaribu kubomoa, ikaandika kwamba ombi limetumwa kwa meya. Kumbe wewe ulinipa ruhusa ya kujenga, ya kubomoa ukabaki nayo. Sikulaumu, mimi pia sikuwahi kufikiria kwamba nitaihitaji.

Majirani sijawaambia. Baba Lynn amekaa hapa mbele yangu anamenya viazi. Ameniona naandika, na anafikiri ni habari za kawaida. Anakuomba, mambo yakitulia, umwekee nafasi ya kuegesha lori karibu na nyumba yake humo mjini. Nimemwambia nitakuandikia. Siogopi rungu kama ninavyoogopa siku atakayonitazama akiwa anajua.

Sasa sikia. Anza na nyumba yake. Halafu ya Mama Brenda, kwa sababu bado analala pale. Halafu zile za upande wa choo, mpaka umalize. Usibadilishe majina, usifiche, usiache hata moja ya ukumbusho. Yangu ibomoe mwisho. Baba yako anataka nipande malori yanayosindikizwa na polisi kwenda nyumbani, na nafasi ninayo. Sitapanda kabla sijasikia kwamba kando ya mto pamekuwa nyasi tupu. Mpe Avni ujumbe amtumie Mayur, aseme tu nyasi zimeota. Nitaelewa. Barua hii ichome.

Wako hapa watu wanaokusalimu, waliokuona ukienda shule na kaptura imepasuka. Kila barua huwa nawaandika mmoja mmoja. Leo siwaandiki. Wapitie wewe moyoni, mlango kwa mlango, uitikie salamu zao.

Mungu akufunike popote utakaposimama, na akupe kompyuta upesi.

Mimi shangazi yako nikupendaye. Jina langu unalijua.