Kikombe cha Kijani cha Nyanya

Litein,
3 Machi 2025

Kwa wifi yangu Rodah,

Pokea salamu zangu. Natumaini wewe na wazazi wako huko Silibwet mko wazima. Sisi tuko, ila Nyanya magoti yanamsumbua.

Nakuandikia karatasi kwa sababu umefunga namba zetu zote, na sikulaumu. Wifi, ile chai ya Nyanya iliyogeuka nyeusi, si wewe. Ni mimi. Sijamwambia mtu yeyote. Hata Mungu nimemwambia nusu.

Unajua tangu nimalize kidato cha nne natengeneza redio, ya kuwasikiliza watu wanaozungumza kutoka nchi za mbali kwa mitambo ya nyumbani. Redio inataka bodi, yaani kipande kigumu kilichopakwa shaba upande mmoja. Nachapisha mchoro wa njia za umeme pale saiba, kwenye kompyuta za kukodi, kwenye karatasi ya kalenda inayong'aa. Naubandika juu ya shaba kwa pasi ya moto, kisha naloweka mpaka karatasi itoke na wino ubaki. Wino ukikatika napaka rangi ya kucha. Mwisho natumbukiza bodi kwenye maji ya kahawia yanayoitwa feriki kloraidi. Yanakula shaba yote isipokuwa ile iliyofunikwa, na inayobaki ndiyo njia ya umeme.

Maji hayo yakiwekwa kwenye sufuria yataitoboa. Jumapili ile mlipokuwa kanisani nilisema naumwa kichwa, nikabaki. Niliyapimia kwa kikombe cha plastiki, na nyumbani kwetu cha plastiki ni kimoja tu, kile cha kijani ambacho hakuna mwingine anayekigusa. Nikasikia sauti zenu getini. Nilikisuuza mara moja, nikakirudisha.

Maji yale yakikutana na majani ya chai hugeuka kama wino, hata yakiwa tone. Nimesoma hayo baadaye. Sisi wengine tulikunywa ya maziwa kwenye vikombe vyetu, ndiyo maana strungi ya Nyanya, isiyo na maziwa, peke yake iligeuka ulipomimina.

Nyanya alipomwambia kaka, "Omariba, umetuletea nani hapa?" nilikumbuka kile kikombe. Nikaangalia sakafu mpaka ukamaliza kufunga sanduku.

Nisamehe.

Wifi yako,
Nyambeki

---

Silibwet,
11 Machi 2025

Kwa Nyambeki,

Salamu zimefika, Benard wa gari la mkate aliniletea. Sisi ni wazima. Mama anauliza mnatutakia uzima gani, nyinyi mlionitoa kwenu na sanduku moja.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nikaanza kujiuliza: mwandiko ni wako, lakini maneno ni ya nani? Msichana ambaye akitumwa chumvi kwa jirani husimama getini mpaka mbwa wamchoke, leo ameandika ukurasa mzima? Nani amekaa karibu na wewe ukiandika? Ni kaka yako? Omariba siku ile alikaa kimya kama gunia la mbolea. Sasa amechoka kujifulia, ndipo mkapata hadithi ya shaba.

Na rangi yangu nyekundu ya kucha? Uliniambia ni ya vidole vya miguu. Kumbe ulikuwa unanidanganya tangu Januari.

Nyanya yako alisema mbele ya majirani kwamba mke wa mbali huja na dawa zake. Mimi wa Silibwet, ni wa mbali! Mama yako aliinua godoro letu, akanusa hata mafuta yangu ya nywele. Sasa huku nikienda kisimani wanawake wananyamaza. Nikimkaribisha mtu chai, anasema ametoka kunywa.

Kama ni kweli, nionyeshe. Maneno hata kasuku anayo.

Rodah

---

Litein,
15 Machi 2025

Kwa wifi yangu,

Habari za huko? Natumaini baridi imepungua na mama yako ni mzima.

Nimeona hukuandika "wifi." Sawa.

Hakuna aliyekaa karibu nami. Naandikia stoo ya majani ya ng'ombe.

Benard atakupa kifurushi. Ndani kuna bodi yangu ya kwanza, iliyoharibika. Iangalie kando utaona wekundu wa rangi yako. Pia kuna chupa ya dawa ya kikohozi, lakini ndani ni yale maji. Usionje, usiguse, usimwage kwenye nguo. Pika strungi, mimina kwenye glasi, tia tone moja. Glasi hiyo usiitumie tena. Utaona nilichosema.

Wifi yako,
Nyambeki

---

Silibwet,
22 Machi 2025

Nyambeki,

Hamjambo.

Sijui wewe ni mjinga au ni mjanja kuliko sisi wote. Watu wanaosema nimewawekea sumu wananitumia chupa ya maji ya kahawia, halafu wananiambia nitie kwenye chai! Mama aliipokea kwa Benard kabla sijafika. Alipoona chupa alipiga kelele mpaka Baba akatoka na panga. Chupa imefukiwa nyuma ya choo. Bodi yako Baba ameipeleka kwa wazee kama ushahidi. Mzee mmoja ameangalia zile njia akasema ni ramani ya nyumba yetu.

Nilicheka, Nyambeki. Mama akaniuliza nacheka nini. Sasa hata yeye ananiangalia kwa jicho la kando.

Usinitumie kitu tena. Kama wewe ni mtu wa kweli, fanya hayo mbele ya Nyanya yako, kwenye kikombe kilekile, wote wakiwepo. Na nisikie kutoka kwa mtu mwingine, si wewe. Ukishindwa, usiniandikie tena. Baba anataka jambo hili liishe Pasaka, na kuisha kwake si kurudi kwenu.

Rodah

---

Litein,
13 Aprili 2025

Kwa wifi yangu Rodah,

Nakusalimu tena baada ya kimya cha wiki tatu. Natumaini u mzima. Nyanya leo magoti hayajamsumbua, au hajayataja.

Wiki hizo tatu nilikuwa naogopa, basi. Kila Jumapili nilikuwa nasema, ya leo.

Leo tulipotoka kanisani gari la mkate lilikuwa dukani. Nikamwomba Benard aingie anywe chai, ili upate mtu wa kumuuliza. Mama alikuwepo, Omariba pia. Nikasema, "Nyanya, naomba kikombe chako." Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie.

"Unakitakia nini?"

"Kuonyesha kosa langu."

Nilimimina strungi ndani yake, na nyingine nikamimina kwenye kikombe cha Mama, kutoka chupa ileile ya chai. Cha Mama nikakiacha. Cha Nyanya nikatia tone moja la yale maji. Sikufika kuhesabu mbili, ikawa nyeusi. Mama alishika mdomo. Benard alisukuma kikombe chake mbali akasema, "Mimi kwanza nilikuwa nimeshiba."

Nyanya akaniuliza, "Kwa hivyo ni wewe ulitaka kuniua?"

"Hapana, Nyanya. Nilitaka kutengeneza redio."

Benard alicheka peke yake. Omariba alitoka, akaenda kusimama kwa ng'ombe. Mama alimfuata, akamsikia akisema, "Nami sikuuliza hata swali moja."

Hayo Benard atakuambia. Yanayofuata hayajui.

Jioni Nyanya aliniita chumbani kwake. Akauliza kama ile chai bado ipo. Ilikuwepo, hakuna aliyethubutu kuimwaga. Akasema nichukue njiti ya kiberiti niandike kwa chai hiyo hiyo, ili usiseme tena ni hadithi. Mistari hii myeusi ndiyo hiyo, Wifi. Chupa walifukia, lakini hii umeishika mkononi. Maneno ni yake:

*Rodah, siku ile niliona uso wako chai ilipogeuka. Ulishtuka kuliko mimi. Aliyetia kitu hashtuki hivyo. Nilijua si wewe, na bado nikasema. Zamani Omariba akitoka kazini alikuwa anapitia kwangu kwanza. Ulipokuja akaanza kupitia kwako.*

Hajui kuandika. Hiyo alama hapo chini ni kidole gumba chake. Alikichovya mwenyewe, nilipomkataza akasema ngozi ya mchuma chai haina cha kuharibiwa. Nimemnawisha kwa sabuni, mara tatu.

Jumatatu ya Pasaka atakuja kwenu na Mama, aseme mbele ya wazee wenu kwamba alikosea. Kurudi au kutorudi ni juu yako. Hajaniomba nikubembeleze. Bodi yangu nitaifuata mwenyewe kwa wazee, na nitaongea.

Lakini mbele yao atasema alikosea tu. Hatasema alijua. Hilo amelitoa kwako peke yako, na mimi nimelisikia kwa sababu mkono ni wangu. Siri yangu imeisha, nimeimwaga mezani. Hii yake naomba uitunze. Usimwambie mtu, Wifi. Hata Omariba.

Wifi yako,
Nyambeki