Mwenzako wa Kumtafuta Chura

Chumba cha Juu,
Nyuma ya Duka la Miwani.
9 Machi, 2019

Mpendwa mdogo wangu,

Leo natimiza miaka thelathini na minne tangu nikimbie kisiwa. U hali gani? Kifua kimepoa, au bado unakohoa asubuhi? Na shemeji, magoti yake je? Sisi hatujambo. Mimi ni uzee tu, nao hauna dawa.

Barua yako imefika pamoja na picha. Chura wetu nilimtambua mara moja: yuleyule, mdogo kama ukucha, amelalia mayai yake kwenye majani makavu. Nimesikitika kusoma kwamba bonde la chini halina hata mmoja siku hizi, na waliobaki wako kule juu kwenye ukungu.

Lakini nikuambie kweli, aliyenikosesha usingizi ni fundi cherehani. Unasema sasa yeye ndiye anayesimama ng'ambo ya kijito, akinyoosha mkono kuelekea sauti ya chura, nawe ukinyoosha wako, na pale mielekeo ya mikono inapokutana ndipo mnapofukua majani. Hiyo ni njia yetu, mimi na wewe! Tuliibuni utotoni. Yule anajua nini zaidi ya kupima viuno vya watu? Yumo hata pichani. Nilimkata kwa mkasi, kisha nikaona haya, nikamrudisha kwa gundi.

Unaniuliza: watu wa Idara ya Misitu wanataka wasikilizaji wawili wa kudumu, ili waweke walinzi kila mahali chura atakapopatikana. Je, nirudi nishike nafasi yangu, au wamwandike fundi? Nilikwisha piga pasi shati la safari.

Kisha mjukuu wangu akaifungua kwenye simu ile sauti ya chura uliyoirekodi ukamtumia. Nikangoja.

"Haya, fungua basi," nikamwambia.

"Babu, mbona analia muda wote! Mpaka masikio yananiuma."

Nikaiweka simu sikioni. Kimya. Siku hizi nasikia sauti nene tu. Nyembamba zimeondoka bila kuniaga.

Mkono unaonyooka kwa kubahatisha utawapeleka walinzi pasipo na chura. Basi, mwandikisheni fundi. Mwambie asimame penye jiwe lenye ufa, aache kupiga mluzi, wala asikuache uvuke kijito peke yako. Wivu wangu uko palepale, na usimfiche.

Nisalimie shemeji, na shangazi na mapacha wake. Mungu akulinde kwa mvua na kwa jua. Mimi sitarudi.

Kakako akupendaye daima.