Kwa Nini Sikuifungua Chupa

Mlimani Meru, juu ya Arusha,
Jumapili, 18 Agosti 1912

Mpendwa kaka yangu Efraimu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na ile homa ya Tanga uliyotuandikia wakati wa masika iwe imekuacha kabisa. Huku baridi ni kali. Ukungu unashuka mpaka mlangoni, na mlima wenyewe hatujauona kwa siku nyingi. Hata hivyo sisi tu wazima. Mama anakohoa asubuhi, lakini akishapata uji wa moto anatulia. Migomba ya upande wa mto imezaa vizuri, na ile mibuni aliyoipanda baba imeanza kutoa matunda. Ng'ombe wako mwekundu amezaa ndama jike. Mama anasema jina utalitoa wewe, hata ukiwa mbali.

Barua yako nimeipata. Kaanaeli wa kwa mjomba aliichukua Moshi kwenye gari la moshi, akaja nayo kwa miguu. Nilimsomea mama yote, hata pale ulipoandika kwamba nisimsomee.

Umeniambia nimeitia aibu nyumba yetu. Umeniambia niende shambani kwa Bwana Mjeledi, nipige magoti, niombe radhi, kwa sababu bwana wako wa ghala huko Tanga ni shemeji yake, na tangu habari zifike amekuwa akikutazama kwa jicho baya. Kaka, nakuheshimu. Wewe ndiye uliyenishika mkono ukanipeleka shule ya misheni wakati wasichana wenzangu wanacheka. Lakini jibu langu ni hapana. Nimelitanguliza ili usilitafute huko chini. Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana wewe umeisikia kutoka kinywani mwa mtu aliyekasirika.

Uliondoka hapa mimi nikifua vitambaa tu katika nyumba ya wagonjwa. Siku moja mgonjwa alitapika akiwa katika usingizi wa dawa, na watu wakashtuka. Mimi nilikuwa karibu, nikamgeuza kichwa na kumsafisha kinywa asije akapaliwa. Bibi Klara, yule muuguzi Mjerumani, hakunisifu. Aliniambia tu, "Kesho usiende kufua. Njoo kwangu."

Kwa muda mrefu hakuniruhusu kuigusa chupa. Alinifundisha kwanza kusikiliza. Alikuwa akinifunga macho kwa kitambaa, ananikalisha kichwani pa mgonjwa, ananiuliza: anapumuaje sasa? Na sasa? Nilijifunza kuweka kidole mbele ya sikio, pale mshipa unapopiga. Nilijifunza kutazama midomo na kucha kama zinageuka rangi, kufunua kope na kuangalia mboni, na kuinua taya ili ulimi usianguke nyuma ukaziba koo. Ndipo akanipa kile kikapu kidogo cha waya kinachofunikwa kitambaa, ambacho huwekwa juu ya pua na mdomo, na chupa ya klorofomu. Dawa hudondoshwa juu ya kitambaa, tone baada ya tone. Ukifanya haraka, mtu hafi kwa ugonjwa wake, anakufa kwa mkono wako. Ukizembea, anaamka kisu kikiwa bado ndani ya mwili.

Bibi Klara alipougua ini na kurudi kwao Ulaya, kazi ile ikabaki mikononi mwangu. Tangu hapo kila anayekatwa hapa na daktari, mimi ndiye ninayemlaza na mimi ndiye ninayemwamsha. Najua kuna watu wanaosema naziiba roho kisha nazirudisha nikitaka. Shangazi Eunike hakuwa akila chakula nilichopika. Sikumgombeza. Nilimpikia mwaka mzima, mpaka akala.

Jambo moja Bibi Klara aliniapisha. Mtu aliyelala, alisema, hana ulimi wa kukataa, kwa hiyo muulize angali macho. Ndivyo nifanyavyo. Nakaa karibu na mgonjwa na kumweleza kwa lugha yake, Kimeru au Kimaa: utasikia harufu tamu, masikio yatavuma, utadhani unaanguka, lakini mkono wangu utakuwa shavuni mwako wakati wote. Je, umekubali? Akikubali namwambia anitajie ng'ombe wao, mmoja mmoja, kwa rangi zao. Hata wenye mazizi madogo hawajawahi kumaliza.

Basi, Saruni. Huyu ni kijana wa Kiarusha, kwao Kisongo. Alichukua kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, katika lile shamba la chini ya Lemara, kwa huyo mzungu ambaye watu wote humwita Bwana Mjeledi. Gari la kukokotwa na ng'ombe lilipinduka likamwangukia, na tangu hapo kiwiko chake cha kulia kimejikunja, hakinyooki. Bwana Mjeledi akasema si ugonjwa, ni uvivu. Akamleta kwetu asubuhi moja, yeye juu ya farasi, Saruni nyuma kwa miguu pamoja na nyapara.

Akamwambia daktari kwa Kiswahili, makusudi tusikie sote, "Mlaze huyu. Mtu akilala hawezi kudanganya. Mkono ukinyooka, nitajua ni mwongo, na hamsa ishirini yake ataipata hapa hapa uani."

Hamsa ishirini unaijua kaka, vile viboko ishirini na tano. Nadhani hata huko Tanga hesabu yake ni hiyo hiyo.

Daktari wetu si mtu mbaya. Alimweleza kwamba mkono unaweza kunyooka usingizini na bado ukawa mgonjwa, kwa kuwa maumivu ndiyo yanayoukunja. Bwana Mjeledi hakutaka kusikia. Paa jipya la nyumba ya wagonjwa limejengwa kwa mbao alizotoa yeye, naye akalitazama lile paa, kisha akamtazama daktari. Daktari akainamisha kichwa. Akaniambia nitayarishe chupa.

Nilimkalisha Saruni kitandani. Nikamweleza kwa Kimaa kila kitu, harufu na kuvuma na kuanguka. Nikamweleza pia kwa nini wanataka alale, maana hakuna aliyekuwa amemwambia kwa lugha anayoielewa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Nikiamka, mkono wangu utakuwa umepona?"

"La. Hawautibu leo. Wanautazama tu."

"Na wakishautazama, nitapigwa?"

"Wakiona umenyooka, ndiyo."

"Basi sitaki kulala," alisema. "Kama ni kupigwa, nipigwe nikiwa nimekataa."

Nikasimama. Daktari alinyoosha mkono, akasema, "Anaeli, chupa."

"Hapana, Bwana Daktari. Amekataa."

"Sikukuuliza amesema nini."

"Mimi nilimuuliza. Dawa hii ni ya kumwondolea mtu maumivu. Si ya kumtegea mtu."

Bwana Mjeledi alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka. Alinisogelea mpaka nikanusa tumbako yake, akainua fimbo ya farasi usawa wa uso wangu, akauliza kama najua anaweza kunipeleka bomani nikafungwe mnyororo pamoja na wezi wa ng'ombe. Nikamwambia najua. Niliogopa, kaka, sitakuficha. Lakini chupa niliishika kwa mikono yote miwili, na sikuifungua.

Daktari akainyakua. Nyapara akamkamata Saruni miguu, Bwana Mjeledi akambana mabega, daktari akaweka kikapu usoni. Saruni alipigana nao, akabana pumzi, akabinuka mpaka kitanda kikasogea. Unajua nini huwapata watu wanaolazwa kwa hofu namna ile? Wengine moyo unasimama kwenye matone ya kwanza. Daktari anajua, amewahi kuliona. Mkono wake ukasita juu ya kitambaa. Akaondoa kikapu, akaziba chupa, akasema kwa lugha yao, ambayo nimezoea kuisikia: "Sitaki kuua mtu."

Kisha akanigeukia, uso umemwiva. "Vua aproni. Nenda kwenu."

Nikaivua, nikaiweka mezani, nikaenda.

Sasa usiniambie kwamba nilimwokoa Saruni, maana sikumwokoa. Alichapwa kule shambani siku ile ile, hamsa ishirini yote. Watu wamenijia na neno hilo kama wewe ulivyonijia: umepata faida gani, amepigwa vilevile, nawe umepoteza kazi? Nimelitafakari hilo nikipalilia mibuni ya baba. Waliompiga wanajulikana, naye anawajua kwa sura. Ningemlaza, ningekuwa mmoja wao, na angekuwa amepitia mikononi mwangu ndipo akafika kwenye kiboko. Hiyo ndiyo faida yangu, na sitaibadilisha kwa ukarani wako wala kwa kazi yangu.

Mgongo ulipoanza kupona, Saruni alitoroka shamba. Akapita hapa kwetu akiwa na mama yake, Namnyaki, aliyebeba kibuyu cha maziwa. Mkono wake bado umejikunja. Hakukaa sana. Alisema, "Tangu nichukue kile kipande, nimeamriwa, nimesukumwa, nimetukanwa. Wewe ndiye mtu pekee aliyeniuliza neno." Wakaondoka, na walikokwenda sikuandikii.

Ndipo barua yako ikafika. Siku hizo hizo daktari naye alinitumia neno: rudi kazini, lakini kwanza nenda ukamwombe radhi Bwana Mjeledi. Nikamjibu kama ninavyokujibu wewe. Akajaribu kumfundisha Mama Marta, yule mjane anayefua vitambaa. Mama Marta alidondosha mara moja, mgonjwa akakoroma, naye akakimbilia uani akasema hataki tena, hata akifukuzwa.

Alhamisi ya juma lililotangulia hili, nilimwona daktari akipanda njia yetu juu ya nyumbu, peke yake. Mama akampa kigoda na kikombe cha maziwa. Alikunywa funda moja, kisha akasema, "Kuna mama kutoka Engutoto, anaitwa Simaloi. Ana uvimbe tumboni, mkubwa, nao unakua. Nimemwambia ukweli kwamba bila kukatwa hatapona. Amekubali, lakini amesema atalazwa na wewe tu."

"Nitakuja kwa ajili yake," nikamwambia. "Kwa Bwana Mjeledi siendi."

"Bwana yule ataudhika."

"Ameshaudhika."

Akatazama maziwa yake. "Habari ya kuudhika kwake niachie mimi."

Kaka, hapo ningeweza kunyamaza na kushukuru. Lakini nilimwambia kwamba bado neno moja. Kila mgonjwa nitamuuliza kwa kinywa changu, mbele yake daktari, na akikataa, chupa haifunguliwi, hata aliyemleta awe nani. Alisimama, akashika kamba ya nyumbu, akasema, "Tutaona."

"Ndiyo, Bwana Daktari," nikasema. "Tutaona."

Juzi nilimlaza Simaloi. Nilimuuliza mbele ya daktari, kwa sauti, naye akajibu kwa sauti kwamba amekubali. Alinitajia ng'ombe wa mumewe, akafika kwa dume jeupe lenye pembe moja, akalala. Kazi ilikuwa ndefu na ngumu. Mara moja midomo iliingia weusi, nikaondoa kikapu, nikainua taya, nikasema "ngoja," na daktari akangoja mpaka pumzi zikarudi. Uvimbe uliotoka ulikuwa kama kichwa cha mtoto. Leo baada ya ibada nilipita kumwona. Amekunywa uji, na amemtukana mumewe kwa kuchelewa kuja. Nikajua atapona.

Kuhusu kazi yako. Wakikufukuza kwa ajili yangu, nitaumia, na sitajifanya siumii. Lakini hapo watakuwa wamekufukuza wao, sio mimi. Njoo nyumbani. Shamba lipo. Nilipomsomea mama maneno yako, hakulia kama ulivyoogopa. Alisema kwamba zamani zile za vita askari wa Wajerumani walikata migomba yetu yote mpaka chini, na wakubwa walioamuru walidhani Wameru wamekwisha. Kisha akaniambia, "Mwandikie mwanangu kwamba sikuzaa watoto wa kuomba radhi kwa kosa la mwingine."

Mimi naongeza hili tu. Bwana wako akikuuliza tena kama dada yako ameomba radhi, usimfiche na usitafute maneno laini. Mwambie hajaomba. Mwambie yuko kazini.

Shangazi Eunike anakusalimu sana, na Kaanaeli, na Mama Marta, ambaye anasema ukirudi umletee chumvi ya pwani. Nisalimie mkeo na umbusu mtoto ninayemjua kwa barua tu. Mungu aliyekulinda njiani ulipokwenda akulinde hapo ulipo, akupe afya, na akupe moyo usiotikisika mbele ya wakubwa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata tunapopingana,

Anaeli